Chembe za Filamu na Picha Tunazotazama Nyumbani

Wazee wetu, mabibi na mabwana, assalamu alaykum. Nawashukuru kwa kufika hapa Ngomeni, Lamu, na naomba niingie moja kwa moja katika lililotukutanisha: zile chembechembe zinazochezacheza katika picha ya filamu ya zamani, ambazo wengi huzidhania kuwa kasoro ya diski au ya televisheni.

Filamu ya sinema ni utepe uliopakwa jelatini yenye fuwele ndogo mno za chumvi ya fedha, na fuwele hizo zikishapigwa na mwanga, kisha utepe ukasafishwa kwa dawa, ndipo picha hutokea. Katika filamu ya rangi, fedha huondolewa mwishoni, na mahali pake hubaki mawingu madogo ya rangi. Picha yote imejengwa kwa chembe hizo, na anayezifuta hufuta sehemu ya picha. Filamu iliyo nyeti zaidi kwa mwanga huwa na chembe kubwa zaidi. Nayo ya milimita 16, kwa udogo wa fremu yake, hukuzwa kuliko ya milimita 35, chembe zikadhihirika.

Taabu huanza filamu inapohamishiwa kwenye diski. Mitambo ya kubana picha huokoa nafasi kwa kukisia fremu moja kutokana na nyingine, lakini chembe hubadilika katika kila fremu, kwa hiyo hula nafasi nyingi. DVD, yenye mistari 576 katika PAL, mfumo wa televisheni uliotumika kwetu, mara nyingi ilizivuruga zikawa miraba midogo. Diski ya Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006 na mistari yake 1080, iliweza kuzihifadhi vizuri. Inasikitisha kwamba hapo ndipo baadhi ya watoaji walipoanza kuzifuta kwa kompyuta. Toleo la Blu-ray la filamu ya Predator, la mwaka 2010, hutajwa sana kwa kosa hilo, maana nyuso zake zimelainika kama nta.

Fikirini mzee wa hapa kwetu amepigwa filamu akiwa amevaa kofia ya viua, ile iliyodariziwa kwa matundu madogo. Programu ya kufuta chembe ikizidishwa nguvu haitenganishi chembe na tundu la kofia hiyo, wala na kunyanzi la shavu. Huondoka na vyote, nami siwezi kuuita huo usafi.

Mkirudi nyumbani, punguzeni ukali wa picha katika mipangilio ya televisheni, na zimeni kile kipengele cha kuondoa chenga, kwa kuwa hata diski njema huharibiwa hapo. Kisha tazameni anga au ukuta usio na pambo: chembe zikicheza kwa usawa, pasipo miraba, toleo hilo limetunzwa.