Kahawa Vichanjani na Jicho la Angani

NEEMA: Karibuni wasikilizaji, kutoka hapa Moshi. Kaka Elibariki, mwaka 1970 mtawa mmoja aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, akimwuliza inawezekanaje kutumia mabilioni ya dola kwa safari ya Mirihi ilhali watoto wanakufa kwa njaa. Swali hilo naliona halali hadi leo.

ELIBARIKI: Ni halali, dada Neema. Hata Marekani kwenyewe, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960, kura za maoni zilionyesha kwamba wengi hawakuona kama safari za Mwezini zinastahili gharama yake. Mwaka 1966 NASA ilipewa zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya taifa lao. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia 1.

NEEMA: Basi anayetaka kuungwa mkono aonyeshe faida, asituonyeshe bendera tu.

ELIBARIKI: Nitakuonyesha moja ya nyumbani. Mama yangu analima kahawa Kibosho. Ikishamenywa, kuvundikwa na kuoshwa, huianika kwenye vichanja kwa siku nyingi, akiigeuza kwa viganja na kuokota mbovu moja moja. Ikinyeshewa huota ukungu, na bei huanguka. Msimu uliopita alisikia utabiri redioni, akafunika vichanja kwa turubai saa tano, jua likiwaka bado. Saa nane mvua ikashuka. Utabiri wa namna hiyo hutegemea, pamoja na mengine, setilaiti za Meteosat, zilizoanza kurushwa mwaka 1977, na ambazo kutoka kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta hupiga picha za mawingu ya Afrika nzima usiku na mchana.

NEEMA: Namshukuru Mungu kwa kahawa ya mama. Lakini setilaiti hizo ni za Wazungu, na mara ngapi tumeona Kibosho kunanyesha huku mjini Moshi vumbi linatimka?

ELIBARIKI: Hapo umegusa penyewe. Setilaiti huona wingu, lakini kiasi cha maji kilichoanguka shambani huthibitishwa na kipimamvua kilichosimama chini na mtu wa kukisoma kila asubuhi. Kodi yangu ningeipeleka huko kwanza, na kwa vijana wanaojua kuzisoma picha hizo. Tazama Landsat, setilaiti za Marekani: zinapiga picha za dunia tangu 1972, lakini picha zao ziliuzwa kwa bei kubwa mpaka zilipotolewa bure mwaka 2008.

NEEMA: Kumbe mwanafunzi wa Arusha anaweza kuzipakua?

ELIBARIKI: Zote, bila kulipa senti. Anaweza kulinganisha barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ya miaka ya 1980 na ya mwaka huu, akapima mwenyewe ilivyopungua. Ningekuwa mimi niliyeandikiwa na yule Sista, ningemwambia kwamba fedha za umma zikinunua jicho la angani, umma usizuiwe kutazama.

NEEMA: Na vipimamvua vya Kibosho?

ELIBARIKI: Hivyo tumwulize diwani wetu. Mama ameshakubali kimoja kisimikwe kando ya vichanja vyake.