Rimu ya Kilo 2.5: Kazi ya Afisa Ununuzi Serikalini

IDRISA: Habari za wakati huu, wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunaingia kwenye kazi ya mwenzangu. Dada Rehema ni afisa ununuzi kwenye wakala mmoja wa serikali. Mimi wa siku nyingi mnanijua, nauza vifaa vya ofisi, na serikali nimeiuzia sana tu. Kwa hiyo leo mmepata mnunuzi na muuzaji kwa pamoja. Dada, karibu.

REHEMA: Ahsante, kaka Idrisa. Naomba jambo moja kabla hatujaanza. Kila nikijitambulisha kwenye shughuli kwamba mimi ni mtu wa ununuzi, swali linalofuata ni teni pasenti, yaani rushwa ya asilimia kumi. Tutafika huko, sitalikwepa. Ila tuanzie stoo.

IDRISA: Stoo? Nilidhani tungeanza na tangazo la zabuni.

REHEMA: Stoo kwanza. Mzigo wa karatasi umefika. Katoni zimepangwa ukutani, kila katoni rimu 5, na kwenye gamba la rimu pameandikwa A4, gramu 80, karatasi 500. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inahesabu katoni, inalinganisha na oda, inasaini, watu wanarudi ofisini. Mimi nawaomba wapime rimu moja kwenye mizani. Hizo gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba, na karatasi 16 za A4 zinatimiza mita hiyo, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5. Rimu nzima ni kilo 2 na nusu. Mizani ikisoma kilo 2.2, hiyo ni karatasi ya gramu 70, gamba liseme linavyotaka.

IDRISA: Sisi wauzaji tunaijua hata kwa kidole. Ile nyepesi inavutwa mbili mbili kwenye fotokopi na kukwama.

REHEMA: Sasa fikiria, zabuni hiyo huenda ilikwenda sawasawa kabisa. Imetangazwa, wazabuni wameshindana, tathmini imefanyika, aliyeshinda ana bei nzuri. Na bado serikali imeibiwa mlangoni mwa stoo. Ndiyo maana nimetaka tuanzie hapo. Macho ya wananchi yako katikati, kwenye ushindani, nani kashinda na kwa shilingi ngapi. Nijuavyo mimi, fedha nyingi inapotea mwanzoni, pale mahitaji yanapoandikwa, na mwishoni, pale mzigo unapopokelewa.

IDRISA: Lakini hiyo katikati nayo ilikuwa na mambo yake. Mimi nimeyaona ya sanduku la zabuni. Unachapa nyaraka, nakala halisi moja na nakala nyingine kadhaa, unazifunga, unapiga muhuri kila ukurasa, unatia bahasha ndani ya bahasha. Unakimbilia ofisi yao na foleni za Dar es Salaam unazijua. Saa nne kamili sanduku linafungwa. Umechelewa dakika tatu, kazi yote imekwenda na maji.

REHEMA: Na wakati wa kufungua mnakaa mbele yetu, bei zinasomwa kwa sauti. Hilo lilikuwa na uzuri wake, kila mtu anasikia. Ubaya ulikuwa kwenye karatasi zenyewe. Ukurasa unaweza kuchomolewa, ukurasa unaweza kuongezwa. Ndipo ukaja TANePS, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/24 NeST ikachukua nafasi yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ikaifuta ile ya 2011, na kanuni zake zikatoka 2024. Sasa mzabuni anajisajili kwenye mfumo, anaomba akiwa dukani kwake, na kila hatua inabaki kwenye mfumo: nani kafanya, saa ngapi.

IDRISA: Hapo nawapongeza. Jamaa zangu walioko Kigoma na Mtwara siku hizi wanaomba zabuni bila kupanda basi.

REHEMA: Ni hatua kubwa, na natamani waliokuwa wakiipinga waone ilivyorahisisha. Ila mfumo unapokea unachouandikia. Nikiandika mahitaji yaliyopinda, mfumo utayatangaza yakiwa yamepinda vilevile, nchi nzima, kwa uwazi kabisa.

IDRISA: Yaliyopinda vipi? Tupe mfano.

REHEMA: Kompyuta mpakato. Idara inaleta ombi na vigezo vimeshaandikwa: uzito usizidi kilo 1.37, unene milimita 17.9, kioo inchi 14, matundu fulani upande wa kushoto. Ukisoma unaona wazi kwamba mtu kafungua kipeperushi cha modeli moja akanakili. Jina la kampuni halijatajwa, lakini ni kama limetajwa. Nikiachia vigezo hivyo, wazabuni 9 kati ya 10 wameshatoka nje kabla hawajaingia.

IDRISA: Na sisi huku tunajua. Ukisoma vigezo vya namna hiyo, hata huhangaiki kuomba. Unasema hii ina mwenyewe.

REHEMA: Na pengine haikuwa na mwenyewe! Mara nyingi ni kijana wa TEHAMA kachoka, kaona kunakili ni njia ya mkato. Matokeo ni yaleyale, anabaki mzabuni mmoja na bei anayotaka yeye. Kwa hiyo nachukua lile ombi, nakwenda kukaa na idara. Nawauliza, mtu huyu anafanya kazi gani na mashine hii? Anasafiri nayo? Anachora ramani au anaandika barua? Tukimaliza, uzito unakuwa "usizidi kilo 1.8", unene unafutika, kasi na kumbukumbu vinaandikwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika. Na ikilazimika kutaja chapa kwa sababu hakuna namna nyingine ya kueleza, lazima iongezwe "au inayolingana nayo". Mazungumzo hayo hayaonekani popote. Hakuna gazeti litakaloyaandika. Lakini ndiyo kazi yenyewe.

IDRISA: Na wao wanakubali tu?

REHEMA: Wengine wanakasirika. Wanasema "ununuzi mnatuchelewesha". Nawaelewa, wana kazi zao. Ndiyo maana mpango wa ununuzi wa mwaka si karatasi ya kujaza faili. Idara ikiniambia mapema kwamba mwezi Januari itahitaji magari, nina muda wa kuuliza. Ikiniambia tarehe 10 Juni, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila mtu anataka hela isirudi Hazina. Hapo ndipo vigezo vibovu vinapopita, na ndipo mtu anapokuja na wazo la kukata ununuzi mmoja vipande vitatu ili kila kipande kiwe kidogo na kisishindanishwe.

IDRISA: Kukata vipande kumekatazwa.

REHEMA: Kumekatazwa wazi, na wakaguzi ndilo jambo la kwanza wanalolitafuta. Oda tatu, muuzaji mmoja, wiki moja, bidhaa ileile. Huhitaji utaalamu mkubwa kuliona.

IDRISA: Sasa tufike kwenye lile swali. Bosi akikupigia simu akasema "yule bwana wa jana msaidie", unafanyaje?

REHEMA: Sheria imetenganisha mamlaka kwa sababu hiyohiyo. Kuna afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kuna bodi ya zabuni, kuna kitengo chetu cha usimamizi wa ununuzi, kuna idara tumizi, yaani ile inayohitaji bidhaa, kuna kamati ya tathmini. Kila mmoja ana kazi yake na hatakiwi kumwingilia mwenzake. Wajumbe wa tathmini wanasaini tamko kwamba hawana maslahi na mzabuni yeyote. Kwa hiyo simu ikija najibu kwa heshima: mheshimiwa, naomba uniandikie kwa maandishi niweke kwenye faili. Tena naomba kwa nia njema kabisa, kwa sababu maelekezo halali hayana shida kuandikwa.

IDRISA: Wanaandika?

REHEMA: Maelekezo halali yanaandikwa. Yale mengine hayarudi tena.

IDRISA: Wapo waliohamishwa kituo kwa msimamo huo.

REHEMA: Wapo, na nawaheshimu sana. Nimewahi kufanya kazi mahali, sitapataja, ambapo mwenzetu aliandika ripoti ya tathmini kama ilivyokuwa, na baada ya muda mfupi akapangiwa kazi nyingine isiyo ya ununuzi. Alinifundisha kuandika sababu ya kila uamuzi siku ileile, kwa tarehe, ili atakayefungua faili baada ya miaka 4 asihitaji kuniuliza. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hamkuti mtu mezani, anakuta faili.

IDRISA: Sasa zamu yangu, dada. Wewe umesema fedha inapotea mwanzo na mwisho. Mimi naongeza mwisho kabisa: malipo. Nimeleta mzigo, umepimwa, uko sawa, nina hati ya mapokezi imesainiwa. Halafu nasubiri. Miezi inapita. Mzigo ule nilikopea benki, na benki hainisubiri. Zabuni inayofuata unafikiri nitaandika bei ileile?

REHEMA: Hutaandika.

IDRISA: Naweka riba ya miezi 6 ndani ya bei ya kiti. Halafu mwananchi anaona serikali inanunua kiti ghali kuliko dukani, anasema wameiba. Wakati mwingine hakuna aliyeiba. Ni gharama ya kusubiri. Na Kenya ni hivyohivyo, madeni ya wazabuni huko yamekuwa wimbo wa kila bajeti.

REHEMA: Hapo sina cha kubisha, na inaniuma. Mkataba unaandika siku za malipo, nasi tunamkata mzabuni fidia akichelewesha mzigo. Haki ni kwamba na sisi tukichelewa tulipe riba kama mkataba unavyosema. Wazabuni wengi wanaogopa hata kuidai, wanahofia kunyimwa kazi nyingine. Naomba mdai. Vivyo hivyo mkiona vigezo vimepinda, ulizeni ufafanuzi kabla muda haujaisha, na kama hamkuridhika na uamuzi, pelekeni malalamiko kwa afisa masuuli, kisha PPAA, mamlaka inayosikiliza rufani za zabuni za umma. Malalamiko ya mzabuni mmoja aliyesoma vizuri yameshanisaidia kurekebisha nyaraka kuliko vikao vingi.

IDRISA: Tuna swali la msikilizaji wa Morogoro, mwanafunzi. Anauliza, akimaliza shahada ya ununuzi anaweza kuajiriwa moja kwa moja, na je, kuna maisha kwenye kazi hii bila rushwa?

REHEMA: Mdogo wangu, shahada peke yake haitoshi. Lazima usajiliwe na PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na uendelee na mitihani yake mpaka CPSP, cheti chake cha mtaalamu aliyethibitishwa. Anza sasa, usingoje ajira. Ukipata nafasi ya mazoezi kwa vitendo, usikubali kukaa ofisini kwenye kompyuta tu, omba upelekwe stoo. Shika bidhaa. Jifunze nondo ya milimita 12 inavyopimwa, shuka la hospitali linavyofuliwa likabaki shuka. Na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi iliyotengwa kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, jifunze inavyofanya kazi, kwa sababu vikundi hivyo vitakuja mezani kwako vikihitaji mtu wa kuwaelekeza namna ya kujisajili.

IDRISA: Na swali la pili?

REHEMA: Yapo maisha. Mimi nalala usingizi. Mkaguzi akifika napeleka faili na chai.

IDRISA: Wiki ijayo tunazungumzia magari ya serikali yanavyoondoshwa kwa mnada: nani anapanga bei ya kuanzia, na kwa nini mengine yanaoza uani miaka na miaka. Mwenye swali atutumie kwa sauti, isizidi dakika moja. Dada Rehema, ahsante.

REHEMA: Ahsante, kaka. Na ile karatasi uliyoniletea studio leo, nitaipima.

IDRISA: Ipime. Ni kilo 2 na nusu.