Hodi Kabla ya Ufagio

WAFULA: Karibuni tena. Tuko Kisumu, chumba chetu kile kile karibu na soko la Kibuye, kwa hivyo mkisikia nyundo za jua kali nyuma ya sauti zetu, tuvumilieni. Mimi ni Wafula.

ACHIENG: Na mimi ni Achieng. Kazi yangu mnaijua, ni usafi. Leo nataka tuzungumze juu ya zile nyumba zilizorundikwa vitu hadi hazipitiki, ambazo mtu akinipigia simu huwa ananong'ona.

WAFULA: Anong'one kwa nini?

ACHIENG: Aibu. Mtoto ametoka Nairobi likizo ya Desemba, mlango wa kwa mama haufunguki hadi mwisho. Ndani magazeti yamefika dirishani, kuna mitungi, nguo, redio tano zisizolia, na kijia cha kupita ubavuubavu mpaka kitandani. Ananiambia, "Dada, mama tumempeleka kwa shangazi wiki mbili. Leta lori, akirudi akute nyumba inang'aa." Hiyo kazi siichukui.

WAFULA: Hata akilipa vizuri?

ACHIENG: Hata akilipa mara mbili. Mwenye nyumba akiwa hayupo, mimi si msafishaji tena. Nimemvunjia nyumba.

WAFULA: Ngoja, dada. Hapo lazima niseme, maana nikinyamaza nitakuwa nimekudanganya wewe na wanaotusikiliza. Sisi tulifanya hivyo hivyo, kule Bungoma. Senge wangu, ndivyo tunavyomwita shangazi, alikuwa amelazwa kwa ajili ya mguu. Tukakutana vijana watano wa ukoo, siku mbili, tukatoa kila kitu na kukichoma nyuma ya migomba. Tuliona tumefanya jambo jema. Aliporudi alisimama mlangoni. Hakulia. Aliuliza tu, "Sufuria yangu iliyotoboka iko wapi?"

ACHIENG: Mkamjibu nini?

WAFULA: Hakuna aliyejibu. Alikataa kulala mle ndani. Anakaa kwa kaka yangu mkubwa, na chumba alichopewa sasa kimejaa hadi kwenye mbao za paa.

ACHIENG: Pole, ndugu yangu. Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Vitu vimeondoka, ila kile kinachomfanya avirundike hakijaguswa, tena sasa ameongezewa hofu kwamba watu wake wanaweza kumpora wakati wowote. Watu husema ni uvivu au uchafu. Si hivyo. Madaktari wa akili wa Marekani waliuweka ugonjwa wa kulimbikiza vitu kama ugonjwa wa peke yake kwenye kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili mwaka 2013, na sasa umo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Kiini chake ni kwamba kuachana na kitu kunamuuma kweli, hata kama kwako wewe ni kopo tupu.

WAFULA: Lakini hapa kwetu nani asiyeweka vitu? Kuna mzee Obunga, boma limejaa chuma chakavu.

ACHIENG: Anauza?

WAFULA: Kila wiki mkokoteni unakuja.

ACHIENG: Basi huyo ana biashara, asisumbuliwe. Tena mtu aliyewahi kulala njaa ataweka akiba, na hiyo ni akili. Mimi naangalia kama nyumba bado inafanya kazi ya nyumba. Je, anapika jikoni? Analala kitandani, au kwenye kiti kwa sababu kitanda kimezikwa? Moto ukizuka usiku, atatoka?

WAFULA: Hilo la kutoka limenikumbusha wale ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, mwaka 1947. Nyumba yao ilitolewa vitu vya zaidi ya tani 100. Mmoja aliangukiwa na marundo akimpelekea mwenzake chakula, na yule mwenzake alikuwa kipofu asiyeweza kutembea, akafa njaa.

ACHIENG: Ndiyo maana kazi ya kwanza siku ya kwanza ni njia, kupendeza kutakuja baadaye. Kutoka mlangoni hadi kitandani, hadi jikoni, mtu apite bila kugeuka ubavu. Na tunapunguza kutoka juu kwenda chini. Ukivuta gazeti la katikati, ukuta mzima unakuja. Jiko la makaa linahamishwa mbali na karatasi siku hiyo hiyo. Na waya za umeme zilizolaliwa na nguo hazivutwi, tunazima swichi kubwa kwanza.

WAFULA: Na panya?

ACHIENG: Hapo ndipo watu wanajiumiza. Wanaingia na ufagio mkavu. Vumbi la mavi na mikojo ya panya likipanda, umelivuta kifuani. Mikojo hiyo pia hubeba leptospira, vijidudu vya ugonjwa, na kidonda kidogo cha mguu kinatosha kuipitisha. Sisi tunafungua madirisha na mlango, tunakaa nje nusu saa. Kisha gambuti, glavu nzito za mpira, miwani, barakoa ya N95, ile ya kitambaa haisaidii. Pale penye alama za panya tunalowesha kwa Jik iliyochanganywa, tunangoja dakika 5 au zaidi, ndipo tunaokota kwa tambara. Na kila mtu wangu amechanjwa pepopunda, kwa sababu misumari na mabati yenye kutu hayakosi.

WAFULA: Jik unachanganya vipi?

ACHIENG: Soma lebo kwanza. Kama imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji, na unachanganya upya kila siku, kwa sababu nguvu yake huisha. Sasa hili nalisema polepole: usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Na kama chumba kina mikojo mingi, ya paka au ya mtu mgonjwa, usiimwage juu yake moja kwa moja. Hewa inayotoka inachoma mapafu. Osha kwa sabuni na maji mengi kwanza, Jik ije mwisho. Niliwahi kutoka chumba kimoja nikitambaa, macho yanamwaga machozi, kwa sababu kijana wangu alikuwa na haraka.

WAFULA: Haya, mwenye nyumba yupo, amekaa pale anakutazama. Unaanzaje?

ACHIENG: Napiga hodi na kungoja nikaribishwe, hata kama mlango uko wazi. Ndani sitamki neno takataka, hata kwa wenzangu, hata kwa Dholuo. Nasema vitu vyako. Kuna mwalimu mstaafu mmoja, nimebadilisha mawili matatu asijulikane. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na mifuko ya plastiki, ile ya dukani iliyopigwa marufuku Agosti 2017. Alikuwa ameiweka tangu zamani, na ilipokatazwa akaona hana budi kuilinda, kwa kuwa haitatengenezwa tena. Wafula, kila mfuko ulikuwa umekunjwa pembetatu, umebanwa kama sambusa. Maelfu. Yale makunjo yalikuwa sawasawa kabisa, ukingo kwa ukingo. Kijana wangu alishika kumi mara moja, akaona mikono ya mama inatetemeka.

WAFULA: Ukafanyaje?

ACHIENG: Tukaacha mifuko, tukaenda jikoni. Huanzi na kile kinachouma zaidi. Tulianza na unga uliooza na mikebe iliyovimba. Namwonyesha, namuuliza, "Mwalimu, hiki?" Anasema toa, natoa. Anasema weka, naweka, na sibishani. Siku ya kwanza tulijaza gunia moja na nusu tu. Binti yake alikasirika. Siku ya tatu mama mwenyewe akaniita, akakaa kitini, akaanza kukunjua mifuko mmoja mmoja. Wa kiatu cha kwanza cha shule cha mtoto. Wa duka lililofungwa. Akabakiza kumi na miwili, mingine akaniambia, "Peleka, lakini usiikanyage."

WAFULA: Na hukuikanyaga.

ACHIENG: Nilihesabu magunia mbele yake na kuyafunga mdomo. Tena hatuchomi kitu ndani ya ploti. Ndani ya rundo kuna betri, kuna mikebe ya dawa ya mbu, italipuka. Sheria ya taka ya 2022 inataka vinavyooza vitengwe na vikavu, kwa hivyo tunatenga pale pale mlangoni.

WAFULA: Na karatasi? Sisi tulichoma karatasi zote.

ACHIENG: Karatasi hupita mkononi moja moja. Kitabu tunakitikisa, koti tunalipapasa mifukoni. Nimepata hati ya shamba ndani ya gunia la chakula cha kuku. Nimepata noti 14 za elfu moja ndani ya gazeti, zile za zamani zilizokoma kutumika 30 Septemba 2019. Mwenyewe alizishika, akazilaza kwenye paja lake na kuzinyoosha. Ndiyo sababu silipwi kwa lori. Ukilipwa kwa lori utataka lijae. Nalipwa kwa siku, na familia nawaambia mapema kwamba siku zitakuwa nyingi, na kwamba mimi si daktari, wamtafutie mshauri wa kuzungumza naye. Mshauri anayeelewa ugonjwa huu ndiye atakayezuia chumba kisijae tena.

WAFULA: Na sisi? Tulishachoma. Tunaanzia wapi na senge?

ACHIENG: Ile nyumba yake, ufunguo anao nani?

WAFULA: Kaka yangu. Tulibadilisha kufuli ile wiki ya kusafisha, na ... hatukuwahi kumpa.

ACHIENG: Mpaka leo?

WAFULA: Mpaka leo.

ACHIENG: Basi mpelekeeni ufunguo. Msiende na ufagio wala gunia. Mwombeni msamaha mkiwa mmekaa, tena nyote watano. Na mwulize ile sufuria alikuwa akipikia nini.

WAFULA: Jumamosi napanda matatu ya Bungoma.