Mchwa Wako Kaozea Kwenye Chupa

Najua wengi mmekuja kusikia habari za mashine za kusoma vinasaba vya bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa mchwa. Subirini. Kwanza tuimalize hii habari ya ethanoli, maana tunairudia kila mara hapa Dar es Salaam na bado sampuli zinaletwa zimeoza.

Mtu anakwenda Pugu, anabomoa kichuguu, anajaza mchwa kwenye chupa ya ethanoli ya asilimia 70, kisha chupa inalala kwenye buti la gari mpaka Jumatatu. Ukimuuliza, anakujibu: si ndiyo inayoua bakteria? Inaua, tena sana. Yale maji asilimia 30 ndiyo yanayoisaidia kupenya seli na kuvuruga protini. Ila sisi hatukutumwa kuua, tumetumwa kuhifadhi. Vimeng'enya vinavyokata DNA vinahitaji maji, na wewe umevipa. Isitoshe, mchwa mwenyewe sehemu kubwa ni maji. Chupa ikiwa nusu mchwa nusu ethanoli, hiyo 70 yako imeshashuka mno. Samaki wa soko la Feri akishinda juani bila barafu humnunui, lakini mchwa wa namna hiyo unamlipia gharama za maabara!

Tumia asilimia 96: ujazo mmoja wa mchwa kwa kumi za ethanoli. Kesho yake imwage, weka nyingine. Friza huna? Kivulini DNA itavumilia wiki kadhaa. RNA, ile nakala ya vinasaba vilivyo kazini, haitavumilia, usijidanganye. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kinachozama humo humo. Wino wa kawaida ethanoli huufuta.

Ile ya 70 nayo ina kazi yake: kumwosha mchwa nje, sekunde chache, kabla ya kumpasua. Basi.

Na ukiweza, mpasue akiwa bado mbichi, kwa sababu ethanoli hukausha utumbo ukawa unakatikakatika. Mweke mchwa mfanyakazi kwenye barafu mpaka atulie. Kibano kimoja kishike kifua, kingine kibane pingili ya mwisho ya tumbo, uvute polepole. Utumbo unatoka mzima, na ile sehemu iliyotuna kwa nyuma ndiyo tunayoitaka. Ikipasuka, mtupe huyo, chukua mwingine: majimaji yaliyomwagika ndiyo yenye wakazi wengi. Kwa mchwa wadogo kusanya utumbo wa mchwa kumi hadi ishirini kwa tyubu moja.

Kuna wa kusema, kwa nini nisimsage mzima? Msage, halafu ukisoma vinasaba vyote, fedha zako nyingi zitalipia DNA ya mchwa mwenyewe na udongo uliomganda.

Shanga za zirkonia za milimita 0.1 si pambo. Ndizo zinazopasua seli ili DNA itoke. Bila kutikisa nazo, Treponema, bakteria wa umbo la parafujo wenye ukuta laini, watapasuka, bakteria wa Gram chanya wenye ukuta mnene watabaki wazima, na ripoti yako itadai utumbo umejaa Treponema. Ukitikisa kupita kiasi, DNA nayo inakuwa vipande.

Cubitermes, wale wala udongo, utumbo wao una sehemu yenye pH inayokaribia 12, yaani alkali kali, na huko hyumasi, ile mboji nyeusi ya udongo, huyeyuka. Ndiyo maana DNA yao inatoka na rangi ya chai na PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA, inagoma. Izimue mara kumi, ongeza albumini ya ng'ombe (protini ya damu), ndipo ulaumu praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR.

Tyubu tupu ipitie hatua zote pamoja na sampuli, ikuonyeshe DNA ipi ni uchafu wa maabara. Zote! Na mkikuta protozoa wenye mijeledi ndani ya Macrotermes, msikimbilie kuandika makala. Macrotermes hulima kuvu, hawana protozoa hao; wenye nao ni Cryptotermes wa mbao kavu. Kagueni lebo.

Yaliyobaki haraka haraka. Mizunguko ya PCR isizidi 30, vinginevyo vinazaliwa vinasaba chotara visivyo vya kiumbe yeyote. Nakala za 16S, kinasaba tunachotambulia bakteria, hutofautiana kwa kila bakteria, kwa hiyo asilimia za kwenye grafu si hesabu ya seli. Kwenye FISH, njia ya kuwatia bakteria rangi inayong'aa chini ya hadubini, chembe za mbao zinang'aa zenyewe. Piga picha moja bila kutia rangi yoyote, uone kipi kilikuwa kinang'aa tangu mwanzo.