Antena Tatu na Ukimya wa Zohali

Hiyo kelele mliyoisikia sasa hivi, kama mvua inayopiga bati, ilitoka kwenye sayari ya Zohali, Desemba 2016. Mama mmoja hapo nyuma ameuliza: si mlitufundisha angani hakuna hewa, sauti inapitaje? Haipiti, mama. Cassini, chombo cha angani kilichokuwa kikiizunguka Zohali, hakikubeba maikrofoni. Kilikuwa na antena tatu, kila moja ya mita 10, zikipima umeme unavyopanda na kushuka pande zote za chombo. Mitetemo hiyo ukiipeleka kwenye spika, inalia. Donald Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyeongoza kazi ya kifaa hiki, alikuwa bingwa wa mchezo huo.

Sasa ile mvua. Punje ya vumbi la pete zinazoizunguka Zohali, ndogo kuliko unga, inagonga chombo kwa kasi ya kutisha na kuyeyuka papo hapo. Inageuka plazma, yaani gesi ambayo elektroni zimebanduka kwenye atomu zake. Antena zinahisi mshtuko: ta! Mamia ya mishtuko kwa sekunde.

Basi tarehe 26 Aprili 2017 Cassini ikatumwa pasipowahi kupita chombo chochote, kati ya sayari na pete zake, upenyo wa kilomita 2,000 hivi. Wahandisi waliogopa vumbi hilo, na walikuwa na haki. Wakaligeuza lile sahani kubwa la mawasiliano, la mita 4, litangulie kama ngao.

Sikilizeni rekodi ya siku hiyo.

Mmeona? Bati limenyamaza. Vumbi lilikuwa haba mno, na hizo punje chache zilikuwa ndogo kama za moshi. Lakini tegeni sikio: kuna miluzi. Ndiyo mawimbi ya plazma yenyewe. Chembe za plazma husukumana kwa umeme bila kugusana, na msukumo huo husafiri. Kelele za vumbi zingeifunika kabisa.

Rekodi ya mwisho ndiyo niipendayo. Ni ya Septemba 2, 2017, mawimbi yaliyopimwa kati ya Zohali na mwezi wake Enceladus, ule unaorusha mvuke wa maji. Elektroni zinapita kwenye mistari ya sumaku inayouunganisha mwezi huo na sayari, zikitoa mvumo huu. Dakika 16 zimebanwa ziwe sekunde 28 hivi. Siku 13 baadaye Cassini iliteketea ndani ya Zohali.

Kijana, ongeza sauti.