Upekee wa UUID Unatoka Wapi?

Ndugu wasikilizaji,

UUID (Universally Unique Identifier), yaani kitambulisho kinachokusudiwa kuwa cha kipekee popote, ni namba ya biti 128, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu 32 za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f) zilizotenganishwa na vistari vinne. Kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba kompyuta mbili zisizojuana kabisa zinaweza kuzalisha vitambulisho hivi miaka nenda miaka rudi bila kugongana, wala hapahitajiki mgawaji wa namba.

Katika lugha ya programu ya Python tunaandika uuid.uuid4(), yaani UUID ya toleo la 4, na kazi imekwisha. Biti 6 hutengwa kuonyesha toleo na mpangilio, na 122 zilizobaki huchotwa kwenye chanzo cha unasibu cha mfumo endeshi. Ingebidi tuzalishe takriban vitambulisho 2.7 × 10¹⁸ ndipo uwezekano wa viwili kufanana ufikie nusu. Hata hivyo, hesabu hiyo inategemea sharti kwamba unasibu uwe madhubuti na uchotwe upya kila mara.

Sharti hilo nimeliona likivunjwa na mabano. Mwenzetu mmoja, akitaka kila rekodi ipate kitambulisho chake, aliandika default=uuid.uuid4() kama thamani ya awali ya safu ya kitambulisho kwenye jedwali, alipopaswa kuandika default=uuid.uuid4. Ukiweka mabano, funksheni huitwa mara moja tu programu inapopakiwa, na jibu lake hilo moja ndilo linalopewa kila rekodi; ukiyaondoa, unaikabidhi funksheni yenyewe, nayo huitwa kila rekodi mpya inapoundwa. Rekodi ya kwanza iliingia salama, ya pili ikakataliwa na hifadhidata. Tulishukuru kwamba ilikataliwa, kwa sababu safu ile isingekuwa na sharti la upekee, rekodi zote zingebeba kitambulisho kimoja kimyakimya, na kuzitenganisha baadaye kungekuwa mateso.

Toleo la 1, linalounganisha saa na anwani ya kadi ya mtandao, silipendekezi, kwa kuwa linaweza kufichua mashine iliyolizalisha. Toleo la 7, lililoingizwa katika RFC 9562, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2024, na kupatikana ndani ya Python kuanzia 3.14, huanza na biti 48 za milisekunde zilizopita tangu mwanzo wa 1970; kwa hiyo rekodi mpya hujipanga karibu karibu kwenye faharasa ya hifadhidata badala ya kutawanyika, na uandikaji huwa mwepesi zaidi jedwali linapokua. Lakini yeyote anayekiona kitambulisho hicho anaweza kusoma wakati kilipozalishwa, na pale ambapo wakati huo ni siri, mimi hubaki na toleo la 4.