Mzigo Haujipeleki

Walimu wenzangu, asanteni kwa kubaki baada ya chakula cha mchana. Walionisikia hapa Kisumu mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Watanivumilia, kwa sababu ule mchoro wa seli bado uko ubaoni: duara, kiini katikati, mitokondria tatu nne, vidoti vya ribosomu, basi. Sufuria la githeri, mahindi na maharagwe yanaelea tu. Mtoto anatoka darasani akiamini kwamba kila kitu ndani ya seli kinaelea tu, na kikihitajika mahali kitafika chenyewe.

Hakifiki. Shikeni chaki tupige hesabu. Protini ndogo ikiachwa isambae yenyewe huvuka mikromita 10, upana wa seli nyingi za kawaida, kwa sekunde 5 hivi. Hapo githeri inatosha, sibishi. Lakini umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100. Sasa neva inayofika kidole gumba cha mguu ina kiini chake huku juu, karibu na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima hiyo ni mita 1 hivi, yaani mikromita 10 mara 100,000. Zidisheni 100,000 kwa 100,000, halafu kwa zile sekunde 5. Mmepata sekunde bilioni 50. Zaidi ya miaka 1,500! Kidole kingekuwa kinasubiri protini iliyotumwa kabla mababu wa Wajaluo hawajaliona ziwa hili. Mitokondria nzima, iliyo kubwa kuliko protini mara nyingi, hata msiipigie hesabu.

Kwa hiyo mzigo hubebwa. Ndani ya aksoni, ule uzi mrefu wa neva, mmelazwa mirija ya protini iitwayo tubulini; mirija hiyo ndiyo mikrotubuli, yenye unene wa nanomita 25. Kila mrija una ncha chanya na ncha hasi, na kwenye aksoni ncha chanya zote huelekea nje, kwenye vidole. Juu yake hutembea kinesini, protini ya kubeba mizigo: vichwa viwili vinavyokanyaga kwa zamu, na nyuma mkia ulioshika kifuko cha mzigo. Hatua moja ni nanomita 8, inakula molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli, na kwa sekunde hupigwa hatua kama 100. Dineini, mchukuzi mwingine, hubeba kuelekea ncha hasi, kurudi kwenye kiini. Mizigo ya haraka huenda milimita 50 hadi 400 kwa siku. Ile mita yetu inamalizwa kwa siku kadhaa, au wiki mbili tatu.

Kuna atakayesema hizo hatua ni katuni za intaneti. Bwana, zilipimwa! Mwaka 1993 Karel Svoboda na wenzake walishika shanga iliyovutwa na kinesini kwa mwale wa leza, wakaiona ikiruka nanomita 8, ikitulia, ikiruka tena. Na kinesini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, kwenye neva nene ya ngisi, kule Woods Hole, Marekani. Ute ukikamuliwa kutoka kwenye neva hiyo, ukatandazwa kwenye kioo na kupewa ATP, vifuko huendelea na safari. Kiini hakipo, ngozi ya seli haipo, ngisi mwenyewe hayupo. Kwa hiyo asiniulize mtu nani anaendesha.

Mwingine atasema haya hayamo kwenye mtaala. Haya, kichaa cha mbwa je? Huku kwetu mtoto akiumwa na mbwa, mhudumu wa afya huuliza ameumwa wapi. Watu hudhani ni swali la kujaza fomu. Virusi hivi havitegemei damu kufika kwenye ubongo. Huingia kwenye neva pale penye jeraha, vikadandia usafiri wa dineini, ule ule uliowekwa kurudisha mizigo kwenye kiini. Aliyeumwa usoni na aliyeumwa kisigino hawana muda sawa, kwa sababu njia hazina urefu sawa. Dalili kwa kawaida huanza baada ya miezi 2 au 3, ingawa huweza kuwa wiki moja au mwaka mzima, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Katika maabara, neva ikitiwa kolkisini, dawa inayobomoa mikrotubuli, virusi hukwama njiani.

Kwa hiyo sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mbio hospitalini kuchanjwa. Msingojee kuona kama mbwa atakufa. Na asiniletee mtu habari ya kupaka pilipili kwenye jeraha. Nimeisikia katika kila ukumbi, na kila mara kuna mwalimu wa sayansi anayetikisa kichwa kukubali! Ukimwonyesha mtoto kwamba kuna safari, na kwamba safari inachukua siku, ataelewa kwa nini tunaharakisha. Kwenye githeri hakuna safari.

Naona saa imekwenda. Kugawanyika kwa seli nakuacha, mnakufundisha vizuri. Ila hili moja la vinkristini, dawa ya saratani. Inatokana na yale maua ya vinka ya waridi yanayopandwa mbele ya nyumba, na hutibu limfoma ya Burkitt, saratani ya taya tunayoijua sana kandokando ya ziwa hili. Hushika tubulini, seli ya saratani ikashindwa kugawanyika. Lakini neva nazo zinaishi kwa tubulini hiyo hiyo, ndiyo maana mgonjwa hulalamikia ganzi, mara nyingi ikianzia vidoleni mwa miguu. Kwa nini huko kwanza? Mmeshapiga hesabu, mnajua.

Dineini kwenye silia, vile vinywele vya seli vinavyopiga makasia, na jinsi mikrotubuli zinavyojengwa na kubomoka kila dakika, hatutafika leo. Mwalimu uliyeinua mkono tangu niliposema pilipili, simama sasa ujitetee.